Kituo Kinachoitwa Urafiki

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara kuelekea mjini, tumebanana kama kawaida ya saa moja asubuhi. Tulipopita Shekilango, mtoto wa miaka kama tisa aliyesimama mbele yangu akakisoma kibao cha kituo kinachofuata, kwa sauti, herufi kwa herufi. "Urafiki." Akamgeukia mama yake: "Mama, hapa urafiki wa nani na nani?" Mama akamjibu kwamba ni jina tu la kituo. Nilitaka kumjibu mimi, lakini mlango ulifunguka, nami ndipo ninaposhukia.

Yule mtoto aliuliza vizuri kuliko tunavyouliza wakubwa. Nimelibeba swali lake siku zote hizi, maana jibu lake ninalo nyumbani kwetu, ndani ya sanduku la bati la shangazi yangu.

Shangazi alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Urafiki, chenye jina moja na kituo hicho, kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika ukaguzi na ukunjaji. Yaani kitambaa kilikuwa kikimpitia mbele ya macho mita kwa mita, naye anatafuta kasoro: uzi uliokatika, doa la mafuta, rangi iliyoruka, ua lililopinda. Hadi leo hawezi kushika kanga bila kuikagua. Mimi nauza kanga na vitenge kwa simu, napiga picha, naweka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mzigo mpya ninaoupata naupitisha kwake kwanza. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu huku mkono umeshanyooka. Lete.

Kitu cha kwanza anachofanya ni kuigeuza mgongo. Uso wa kanga haumshughulishi. Anasema kila kanga ina uso mzuri dukani. Anataka kuona rangi imezama kiasi gani upande wa pili, kwa sababu kanga haina uso wala mgongo mtu akishajifunga, upepo unaigeuza utakavyo. Kisha analowesha kidole gumba kwa mate na kukisugua kwenye pindo, penye rangi nzito zaidi. Kidole kikirudi chekundu, anakuangalia tu. Halafu anafuata mstari mwembamba unaotenga pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayesoma. Kila rangi ina rola yake au skrini yake ya kuchapia. Moja ikiteleza kwa upana wa punje ya mchele, ua linatoka na kivuli na jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, linakuwa kama limeandikwa mara mbili. Mwisho anaikunjakunja karibu na sikio. Kanga mpya inatoa sauti ya karatasi kwa sababu ya kanji iliyotiwa ili isimame vizuri. Sauti ikizidi, anatikisa kichwa: "Hii kanji ikitoka, mwanangu, utabaki na chandarua."

Niliwahi kudhani huo ni ujuzi wake binafsi, kama wapishi wanavyojua chumvi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alifundishwa. Kulikuwa na mahali katika jiji hili ambapo maelfu ya watu walifundishwa kujua kitambaa kuanzia pamba mpaka jina lililochapwa juu yake, na mahali hapo palijengwa kutoka sifuri.

Ili uone ukubwa wa jambo hilo, inabidi urudi nyuma kidogo.

Pwani yetu imevaa nguo za watu kwa muda mrefu sana. Karne ya kumi na tisa, kitambaa kilichotawala kuanzia Unguja hadi bara kabisa kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani, kilikuja na meli za wafanyabiashara wa Massachusetts. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837, na biashara hiyo ya nguo ilikuwa sababu kubwa. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba yao, Waingereza na viwanda vya Bombay wakaingia kwenye nafasi hiyo. Jina likabaki lilelile. Watu walinunua merikani iliyofumwa India.

Kanga yenyewe ikazaliwa kwenye mazingira hayo. Simulizi inayofahamika zaidi ni ya wanawake wa mwambao walionunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaunganisha sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo zilizochapwa moja kwa moja kwa ukubwa ule. Ona nani aliyebuni: mteja mwanamke. Mitambo ilikuwa mbali, Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani. Michoro na maneno yalitumwa kwa meli, na nguo zikarudi baada ya miezi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887 lilijenga jina ambalo kila bibi wa pwani analijua, Mali ya Abdulla, na kanga zake zilichapwa ng'ambo.

Na pamba? Pamba ililimwa hapa hapa, kwa machozi. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba ya kulisha viwanda vya kwao, na mwaka 1905 kule Umatumbi watu wakaing'oa mashambani. Ndivyo Maji Maji ilivyoanza, kwa kung'oa mmea huu huu. Kila ninaposhika robota la nguo nalikumbuka hilo, wala sijui kwa nini mashuleni tulisoma Maji Maji kama habari ya maji tu na risasi, tukaipita pamba kwa sentensi moja. Miaka mingi baadaye wakulima wa Usukuma walilima kwa hiari na kwa wingi, wakaunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Wakulima walimiliki hadi vinu vya kuchambulia. Lakini robota likishafungwa, lilipanda treni kwenda bandarini, likaondoka.

Kwa hiyo nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wakulima wa pamba wasio na kiwanda cha kutosha, na wanawake wenye kabati la kanga zilizochapwa ng'ambo.

Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965. Juni mwaka huo huo Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Katika makubaliano ya miaka hiyo likawemo hili: China itakopesha bila riba, italeta mitambo na mafundi, na Tanzania itapata kiwanda kizima cha nguo. Ujenzi ulianza 1966, na 1968 Mwalimu akakifungua, kando ya Barabara ya Morogoro, wakati huo pembezoni mwa jiji. Kikaitwa Urafiki. Yule mtoto wa kwenye basi angepata jibu lake hapo: urafiki wa Tanzania na China, kabla ya reli ya TAZARA.

Neno ninaloomba ulishike ni "kizima". Huo ndio moyo wa habari yenyewe. Robota la pamba liliingia mlango mmoja na doti ya kanga, yaani kanga mbili zilizoungana, ikatoka mlango mwingine. Ndani yake, makumi ya maelfu ya spindeli zilisokota, mashine za kufuma zilifuma, kisha kitambaa ghafi kikaenda kwenye rangi.

Shangazi hupenda kunieleza hapo katikati, sehemu ambayo wateja wangu hawaifikirii kabisa. Kitambaa kikitoka kwenye kufuma hakina uzuri wowote. Kina rangi ya uji wa ulezi uliochanganywa maziwa mengi, kina vipande vidogo vyeusi vya maganda ya mbegu, kina kanji iliyotiwa kwenye nyuzi ili zisikatike. Kwanza kinapitishwa juu ya moto haraka sana ili manyoya ya juu yaungue. Kisha kanji inatolewa, kinachemshwa kwenye dawa ya kostiki, kinapaushwa, kinaoshwa tena na tena, kinakaushwa. Baada ya hapo ndipo kiko tayari kupokea rangi. Ukiruka hatua moja au ukiifanya kwa haraka, rangi inakaa juu juu, na mate ya shangazi yatakuumbua. Kikishachapwa kinapikwa kwa mvuke ili rangi ishike, kinaoshwa rangi iliyozidi, kinatiwa kanji ya mwisho, ndipo kinafika kwake, kwenye meza ya kukagulia.

Anakumbuka shifti tatu. Anakumbuka idara ya kufuma ambako kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba waliokaa huko muda mrefu walizungumza kwa midomo na vidole, na hata wakiwa harusini waliweza kusengenya kutoka meza moja hadi nyingine bila kutoa sauti. Anakumbuka wasokotaji wakitoka kazini pamba imewajaa kwenye nyusi, wasichana wa miaka ishirini wanaonekana wazee. Na anawakumbuka mafundi wa Kichina, ambao hawakusimama pembeni na kuagiza. Walilala chini ya mashine. Ukitaka kujua mashine imeharibika wapi, anasema, ulitafuta miguu.

Mwanza nako Mwatex ikajengwa miaka ileile, kwa mitambo kutoka Ulaya iliyohitaji watu wachache zaidi kwa kazi ileile. Wasomi wa uchumi wameviandikia sana viwanda hivi viwili, wakipima kipi kilikuwa na busara zaidi kwa nchi yenye watu wengi na fedha kidogo. Mimi si mchumi. Ninachojua ni kwamba mashine inayohitaji watu wengi inafundisha watu wengi, na nyumba nyingi za Manzese, Mabibo na Ubungo zilijengwa kwa mshahara wa mtu aliyejua kuunga uzi uliokatika bila fundo kuonekana.

Vikawepo na vingine: Musoma, Morogoro, Mbagala, Arusha. Jirani zetu nao walikuwa na vyao. Jinja walikuwa wametangulia na Nytil tangu miaka ya 1950, na Eldoret wakaja na Rivatex katika miaka ya 1970.

Kiwanda cha kanga kina ugumu ambao kiwanda cha shuka hakina. Shuka ni shuka. Kanga inasema. Inabidi mtu akae atunge jina, au achague methali, au asikilize uani kunasemwa nini mwezi huu. Jina likiwa baridi, mzigo unalala ghalani hata kama pamba ni nzuri kuliko zote. Jina likigusa, watu watapanga foleni Mtaa wa Uhuru. Na pindo lazima lipendeze likiwa limekunjwa kichwani, mji upendeze ukiwa mgongoni, jina lisomeke pale linapoangukia nyuma ya mapaja. Wachapaji wa ng'ambo walikuwa wakilijua hilo kwa kuandikiwa barua. Sasa mchoraji wa kiwandani alipanda basi pamoja na hukumu yake. Aliona kwa macho kanga yake imevaliwaje, na ipi imegeuzwa dekio. Kanga zikabeba pia mambo ya nchi, Mwenge, kilimo, kuzaliwa kwa CCM mwaka 1977, maadhimisho ya Uhuru. Ukitandika kanga za sanduku la shangazi sakafuni kwa kufuata miaka, unaona taifa linavyojisemesha.

Miaka mibaya nitaipita upesi, kwa sababu imeandikwa mara nyingi na shangazi hapendi kuizungumza. Vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaisha, vipuri havikuja, umeme na maji vikawa vya kubahatisha, na huwezi kupausha kitambaa bila maji. Viwanda vya nguo nchini vikawa vinafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, na kanga ikawa kitu cha kupangia foleni alfajiri kwenye duka la kaya. Kuanzia 1984 biashara ikaanza kulegezwa, bidhaa za nje na mitumba vikamiminika, na mashine za 1968 zikawa zinashindana na mashine mpya za Asia. Mwaka 1997 Urafiki ukaanza maisha mengine kama kampuni ya ubia, China asilimia 51, Tanzania asilimia 49. Wengi walipunguzwa. Shangazi alikuwa mmojawao. Alirudi nyumbani na sanduku hili la bati.

Ninapomsikia mtu akisema sekta ya nguo inakua kwa sababu kuna maduka mengi ya vitenge na kanga, huwa namuuliza, inakua nini hasa? Nauza kanga, najua ninachokisema. Kanga kuuzwa kwingi si kiwanda kukua. Kuna viwanda nchini ambavyo bado vinasokota, vinafuma na kuchapa, kikiwemo kile cha Morogoro kilichokuwa Polytex ambacho sasa ni 21st Century Textiles cha kampuni ya MeTL, na navipa heshima yangu yote. Lakini sokoni kuna nguo nyingi zilizoletwa zikiwa zimekamilika, na nyingine kitambaa kimeletwa tayari kikachapwa tu. Na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Simiyu na Shinyanga bado inapanda gari kwenda bandarini, kama ilivyopanda zamani.

Mwaka juzi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipata oda ya doti 60, sare za harusi, rangi ya samli na zambarau, jina walilichagua wenyewe. Mchapaji, ambaye simtaji, aliniambia ni pamba tupu na karatasi yake ilisema hivyo. Kwenye picha zilipendeza sana. Nikaharakisha, nikazisambaza kabla shangazi hajaziona. Siku tatu baadaye simu zikaanza. Mmoja alimbebea mtoto na mtoto akatoka vipele. Mwingine akasema amejifuta uso, jasho likahama tu kutoka shavu moja kwenda lingine. Wa tatu hakusema kitu, alinitumia picha ya kanga imejibandika mwilini kama mfuko wa plastiki uliolowa.

Nilimpelekea shangazi moja. Hakuigeuza hata mgongo. Alichomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo, akaomba kiberiti, akaziunguza juu ya kisosi. Kisha akaenda sandukuni akachomoa uzi mmoja kwenye kanga yake ya zamani, akauunguza pembeni. Ule wa zamani uliwaka taratibu, ukatoa harufu ya karatasi, ukabaki majivu laini yaliyopeperuka alipopumua. Zile zangu zilijikunja, zikayeyuka kama plastiki, zikaacha shanga ndogo nyeusi ngumu. Akaichukua kwa kucha akaniwekea kiganjani. "Hii ndiyo uliyowavika watu, mama."

Nilirudisha fedha za wote 60. Ilinichukua miezi mitano.

Ile shanga nyeusi ninayo bado, kwenye kibweta cha pini. Inanikumbusha kwamba kanga ni nguo ya kazi kuliko ilivyo nguo ya maneno. Inampokea mtoto anayezaliwa, inamkausha, inambeba. Inafuta jasho shambani, inafunika maiti, inakuwa ngata ya kubebea ndoo. Kazi hizo zote zinataka pamba, na pamba nzuri inataka mtu aliyeifuata tangu mbegu. Kiwanda kinachochapa tu hakiwezi kujua kitambaa chake kitamfanyia nini mtoto mgongoni, kwa sababu hakikukifuma. Urafiki ulipokuwa na nguvu ulijua. Kwangu mimi kiwanda cha nguo kinakua kwa namna hiyo, kwa kuongeza hatua zilizo mikononi mwake, moja baada ya nyingine, mpaka msichana wa miaka ishirini aweze kukuambia kwa kidole gumba kama rangi imepikwa vizuri. Na ninataka tuwe nacho tena. Ninataka sana.

Siku ile niliposhuka pale kituoni nilikuwa naenda kwake. Nikamsimulia habari ya mtoto. Alicheka, akakaa kimya kidogo, kisha akafungua sanduku, akatoa kutoka chini kabisa doti ambayo sikuwahi kuiona. Haikuwahi kukatwa. Nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, pindo la korosho, jina WEMA HAUOZI. Ukingoni, kwa herufi ndogo, URAFIKI. Aliinunua kiwandani siku alizokuwa bado kazini, akaiweka kwa ajili ya jambo, na jambo hilo halikuwahi kuja. "Kaikate," akaniambia. "Moja yako, moja yangu."

Niliipeleka kwa fundi wa Manzese. Akaitandaza mezani, akaipima, akaikunja katikati kwa usahihi, akakata. Halafu akaanza kuuondoa ukingo wa pembeni kwa mkasi, kwa kuwa ulikuwa umegeuka manjano na kuanza kufumuka. Nikamzuia. Nikamwambia apinde pande mbili alizokata basi, ukingo auache na maandishi yake.

Jioni nikampelekea shangazi ya kwake. Akaipokea, akaigeuza mgongo.